Vito vya Kioo na Maisha ya Fundi Wake

Watu wanapoambiwa kwamba mapenzi ya msanii, au namna anavyojitambua kijinsia, yanaonekana katika vidani na hereni anazotengeneza, wengi hujibu kwa namna moja kati ya mbili. Wapo wanaosema ushanga ni ushanga tu, na kwamba kioo hakijui aliyekiyeyusha anampenda nani. Wapo pia wanaoliona jambo hilo kuwa jepesi: tafuta rangi za upinde wa mvua, ukiziona kwenye mkufu umeshaelewa kila kitu. Majibu yote mawili yananisikitisha, kwa sababu yanapita mbali na mahali kazi yenyewe inapofanyika. Mimi ni mtu wa Mbeya, na kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia kazi ya fundi mmoja wa shanga za kioo katika nyanda hizi za juu kusini, ambaye anapenda watu wa jinsia yake. Sitamtaja jina wala mtaa, na yapo mambo ya kazi yake ambayo nitayaacha bila kuyaeleza, kwa sababu zitakazoonekana huko mbele.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba utambulisho wa fundi huingia kwenye kito kupitia maamuzi ya kazi. Fundi huamua ni rangi gani atumie kati ya zile anazoweza kuzipata, nani aone nini, kito kikae kwenye mwili wa nani, na alama ipi ya moto iachwe ionekane. Maamuzi hayo hufanywa na mtu mwenye maisha fulani, katika mji fulani, chini ya sheria fulani, na ndiyo maana kazi za mafundi wawili wanaotumia chupa zilezile na jiko lilelile hazifanani.

Tuanze na rangi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Bendera ya upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja, ambayo msanii Gilbert Baker aliitengeneza San Francisco, Marekani, mwaka 1978 ilikuwa na mistari 8, na kila mstari ulikuwa na maana yake: waridi iliyokolea kwa mapenzi ya mwili, nyekundu kwa uhai, chungwa kwa uponyaji, njano kwa jua, kijani kwa maumbile ya asili, feruzi kwa sanaa, nili kwa utulivu na urujuani kwa roho. Watu walipoanza kuihitaji kwa wingi, waridi iliondolewa kwa sababu kitambaa cha rangi hiyo hakikupatikana cha kutosha. Mwaka 1979 feruzi nayo ikaondoka, ikabaki mistari sita tunayoijua leo. Nadhani jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida, maana linaonyesha kwamba hata alama iliyoenea dunia nzima ilipata umbo lake kutokana na kile ambacho duka la vitambaa lilikuwa nacho na ambacho halikuwa nacho.

Kwenye kioo uhaba huo ni mkali zaidi. Rangi ya kioo haipakwi juu, hupikwa humo ndani pamoja na madini. Kobalti kidogo sana inatosha kutoa buluu iliyokolea, shaba hutoa feruzi, kromiamu hutoa kijani, na manganizi hutoa zambarau. Nyekundu na chungwa zinazowaka hutokana na seleniamu na kadimiamu, ambazo zina sumu na hazifai kuchezewa kwenye jiko la uani, na waridi bora kabisa hupatikana kwa kutumia dhahabu. Mafundi wa Murano, kisiwa ambako dola ya Venice iliwahamishia watengenezaji wake wa kioo mwaka 1291, hununua miche ya kioo ambayo tayari imetiwa rangi hizo zote. Fundi wa Mbeya ana chupa. Kahawia ni za bia, na rangi yake inatokana na chuma, salfa na kaboni, makusudi ili bia isiharibiwe na mwanga. Kijani ni za mvinyo na baadhi ya soda, zisizo na rangi ni za pombe kali na mitungi ya jamu, na mara mojamoja hupatikana buluu ya chupa ya manukato. Mtu anayefika mezani kwake akitafuta upinde wa mvua hukuta kahawia na kijani, akaondoka akiamini kwamba hapakuwa na la kuona.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Chupa huoshwa, lebo hubanduliwa, kisha huvunjwa ndani ya gunia na kutwangwa kwenye kinu cha chuma hadi ziwe unga, na fundi akiwa kwenye kinu hufunga kitambaa puani na mdomoni kwa sababu vumbi la kioo huharibu mapafu. Unga hupitishwa kwenye chekecheke laini. Kalibu, yaani chombo cha kuupa unga umbo, ni ya udongo uliochomwa, na anaupata udongo huo kwa watu wanaoleta vyungu kutoka Kyela, ambako wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa wamekuwa wafinyanzi kwa vizazi vingi. Kila tundu la kalibu hupakwa uji wa udongo mweupe ili kioo kisigande, na katikati yake husimamishwa kipande cha kikonyo cha jani la mhogo. Ni mbinu ya Wakrobo wa Ghana, ambao wamekuwa wakitengeneza shanga za unga wa kioo kwa muda mrefu. Unga humiminwa kuzunguka kikonyo, kalibu huingizwa kwenye tanuri la mkaa linalopulizwa na feni, na joto linapofika nyuzi 800 hivi za Selsiasi unga hushikana na kuwa kitu kimoja. Kikonyo huungua na kuacha tundu la uzi.

Hapo kazi bado haijaisha, kwa sababu kioo kinachopoa haraka hubaki na mkazo ndani yake, na mkazo huo hukipasua. Usiku wa Juni na Julai joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na kalibu ikitolewa nje asubuhi kabla haijapoa vya kutosha, shanga za kazi ya siku nzima hupasuka moja baada ya nyingine zikiwa mkononi. Kwa hiyo tanuri huzibwa kwa udongo na kuachwa na majivu yake mpaka siku ya pili.

Kuna tatizo jingine ambalo fundi huyu amelifanya kuwa kiini cha usanii wake. Vioo vya viwanda tofauti havitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja. Ukiunganisha kahawia ya kiwanda kimoja na buluu ya kiwanda kingine, ushanga unaweza kutoka motoni ukiwa mzima na mzuri, ukavaliwa, kisha ukapasuka baada ya wiki tatu bila kuguswa. Mafundi wengi hulikwepa tatizo hilo kwa kutumia chupa za aina moja tu katika ushanga mmoja. Yeye alichagua kulikabili. Amejaribu jozi nyingi za chupa, akiziacha shanga za majaribio kwenye debe kwa miezi na kuzikagua dhidi ya jua, ili ajue ni vioo vipi vinavumiliana. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa hivyo alinijibu kwa ufupi: «Kaka, mimi nataka ushanga wenye vitu viwili ndani yake, na nataka udumu.»

Ushanga anaosifiwa nao umezungushiwa kahawia au kijani kwa nje, lakini kiini chake, kile kinachozunguka tundu la uzi, ni cha rangi nyingine. Ukiwa umevaliwa kiini hicho hakionekani. Huonekana kwenye mdomo wa tundu, uzi unapolegea, au pale aliyevaa anapoamua kumwonyesha mtu. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba shanga nyekundu zilizoitwa sami-sami, ambazo zilipendwa kuliko nyingi nyingine, na zilikuwa na moyo mweupe uliofunikwa na nyekundu. Shanga za kiunoni nazo zimekuwa kwa vizazi vingi pambo lisiloonekana na umma, ambalo mvaaji na mpenzi wake ndio wanaojua limekaaje na lina rangi gani. Yeyote anayesema kwamba kuficha ujumbe wa mapenzi ndani ya ushanga ni jambo lililoletwa na wageni hajawasikiliza bibi zetu.

Kilichobadilika kwa fundi huyu ni sababu ya kuficha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambayo chimbuko lake ni utawala wa Waingereza, kinaadhibu kile kinachoitwa kujamiiana kinyume na maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, baada ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kuongeza makali. Zaidi ya sheria ipo familia, lipo kanisa, yupo mwenye nyumba, na kwa mtu anayepanga chumba kimoja mwenye nyumba ana nguvu za karibu kuliko Bunge. Msanii anayeishi hivyo hujifunza kutengeneza kitu chenye watazamaji wa aina mbili kwa wakati mmoja, na nadhani hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mada hii. Wasanii wengi hutamani kila mtazamaji aelewe, lakini yeye analazimika kupanga kwa uangalifu nani aelewe na nani aridhike na uzuri wa nje.

Niliona jinsi hilo linavyofanya kazi kwenye kicheni pati moja hapa mjini. Binti aliyekuwa amevaa kidani cha fundi huyu alikuwa amekaa kati ya mashangazi zake, na mmoja wao akakishika kwa vidole akakigeuza kwenye taa.

«Mwanangu, umekinunua wapi hiki? Kimekukaa vizuri sana.»

«Nimetengenezewa, shangazi.»

«Basi na mimi nitengenezewe.»

Shangazi alikuwa ameona kitu cha kweli. Kidani kilikuwa kizuri, kahawia yake ilikuwa na wekundu wa chai ya rangi, na sifa alizozitoa hazikuwa za kudanganyika. Mtu mwingine chumbani humo alijua zaidi ya hayo. Kito kiliwatosheleza wote wawili, na kazi ya kukifanya kiwe hivyo ilikuwa ngumu kuliko kuchora alama waziwazi. Nani alichagua rangi ya kiini na inamaanisha nini, sitaeleza. Maana zenyewe hubadilika kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine, na siku zitakapoandikwa hadharani zitakuwa zimegeuzwa kuwa ushahidi.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuyasoma maisha haya kama hofu tupu, kwa sababu meza ya fundi huyu ina furaha nyingi. Bangili za kioo zinazouzwa madukani, zile zinazotoka India, nyingi zina upana wa ndani wa kati ya milimita 57 na 64, na kwa kuwa kioo hakinyooki, mkono mpana hauwezi kupita. Mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana, na ambaye anajijua kuwa mwanamke, hugundua hilo dukani mbele ya watu, wakati bangili inapogoma kwenye vifundo vya vidole. Fundi huyu hupima mkono kwa kamba, kisha hutunga shanga kwenye waya wa chuma kwa kipimo hichohicho, mduara mmoja au mitatu, zikiwa kubwa na nzito zenye kulia zinapogongana. Nimemwona mteja akitikisa mkono wake kwa dakika nzima ili asikie tu mlio huo. Hakuna siri katika kito cha namna hiyo. Utambulisho umeingia ndani yake kama kipimo: kuna mwili ambao soko halikuufikiria, na kuna mtu aliyeufikiria.

Vivyo hivyo kwa wanaume wanaopenda kujipamba. Watu hunena kwamba pambo ni la mwanamke, ilhali kila siku katika mitaa ya Mbeya tunapishana na vijana wa Kimasai waliovaa shanga shingoni, masikioni na vifundoni, na hakuna anayewatilia shaka. Fundi huyu hukaa na mafundi wa Kimasai, huwasikiliza namna wanavyopanga rangi, na hereni zake za kiume zina uzito na unyoofu unaotoka huko. Hajachukua muundo wao kuuiga. Alichochukua ni uthibitisho kwamba mgawanyo tuliozoea kuuona mjini ni desturi, na desturi huwa zaidi ya moja.

Ili tuone kwamba haya si ya Mbeya peke yake, inafaa kumtazama Jean-Michel Othoniel, msanii wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1964, ambaye leo wengi wanamjua kwa shanga kubwa za kioo cha Murano zinazopamba mlango wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha Palais Royal jijini Paris, kazi aliyoikamilisha mwaka 2000. Miaka mitatu kabla ya hapo, katika Europride, maandamano ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja wa Ulaya, yaliyofanyika Paris mwaka 1997, aligawa mikufu zaidi ya 1,000 ya shanga ndogo nyekundu za kioo, akaipa kazi hiyo jina la mkufu wa kovu. Ilikuwa kumbukumbu ya Felix Gonzalez-Torres, msanii mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Marekani na kufariki kwa UKIMWI mwaka 1996. Gonzalez-Torres mwenyewe aliwahi kutengeneza mapazia ya shanga ambayo mtu hawezi kuvuka bila kuguswa nayo mwili mzima, na moja kati ya hayo, la shanga nyekundu na zisizo na rangi, lilihusu damu. Alifanya hivyo katika miaka ambayo wanasiasa wa Marekani walikuwa wakizibana fedha za umma kwa sanaa waliyoiona chafu. Kazi zake hazikuwa na picha yoyote ya mwili. Katika moja, saa mbili za ukutani zinazofanana ziliwekwa bega kwa bega, zikianza pamoja na polepole zikipishana, na hakuna seneta ambaye angeweza kueleza kosa la saa mbili.

Wasanii hao walikuwa na uhuru ambao fundi wa hapa hana, maana Othoniel aliweza kugawa mikufu yake barabarani mchana. Wanachoshiriki ni uelewa kwamba kito hukaa mahali pa kipekee: huonekana na kila mtu, na bado kimegusana na ngozi ya mtu mmoja. Pia wanashiriki mtazamo kuhusu dosari. Shanga kubwa za Othoniel mara nyingi zina vibonyeo na alama ambazo fundi wa kawaida wa Murano angezitupa, naye huziacha. Fundi wa Mbeya hufanya vivyo hivyo kwa doa jeusi ambalo jivu la mkaa huacha kwenye ushanga mmoja kati ya kadhaa. Zamani alikuwa akiyasugua madoa hayo kwa jiwe la kunolea mpaka yaishe. Sasa huyachagua yaliyo mazuri na kuyaweka mbele, katikati ya kidani, na wateja wake wanayaulizia.

Pamoja na hayo yote, si kila ushanga wake una la kusema kuhusu mapenzi. Yapo masanduku ya hereni za kijani anazotengeneza kwa sababu zinauzika wakati wa sikukuu, na mtazamaji anayelazimisha maana kwenye kila tundu humkosea heshima kama yule anayekataa kuona maana yoyote. Njia salama ni kuuliza swali la ufundi: kwa nini kito hiki kimetengenezwa hivi wakati kingeweza kutengenezwa kwa urahisi zaidi? Palipo na jibu ambalo soko halilielezi, kama ilivyo kwa kiini cha rangi nyingine kinachogharimu miezi ya majaribio, hapo kuna maisha ya mtu.

Suala linalonitia wasiwasi zaidi ni la kumbukumbu. Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana kimeonyesha kwamba mnunuzi akijua bidhaa imetengenezwa na fundi mwenye ulemavu, na akamwona kazini, huitazama bidhaa hiyo kwa heshima mpya. Hakuna anayeshangaa kusikia kwamba karakana ya mafundi viziwi hupangwa kwa namna yake, macho yakifanya kazi ya masikio. Hali ya fundi katika kesi hiyo ni sehemu ya thamani ya kazi, na inatajwa wazi. Kwa fundi ninayemzungumzia, kuitaja hali hiyo kungemwondoa kwenye chumba chake cha kupanga kabla ya mwisho wa mwezi. Vito vyake huuzwa bila jina, na watakaokusanya sanaa za mikono za nyanda za juu kusini miaka ijayo wataviandika kuwa vya mtu asiyejulikana, kisha watashangaa ilikuwaje fundi huyo asiyejulikana akavuka kikwazo ambacho wengine walikikwepa.

Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba matokeo ya majaribio yake yaandikwe: chupa ipi inavumiliana na ipi, kwa moto wa kiasi gani, na tanuri lizibwe kwa muda gani. Orodha hiyo haina jina la mtu, na tayari mafundi wengine wa shanga mjini wameinakili na kuanza kutengeneza shanga zenye rangi mbili kwa ajili ya harusi na ubatizo. Zinauzika vizuri, na wengi wa wanaozivaa ni watu ambao hawajawahi kujiuliza kuhusu mambo yaliyoandikwa hapa.